Daftari la Kwenye Simu Lisigeuke Rejista

Wanachuo wenzangu, kabla sijasema lolote kuhusu teknolojia, nikiri kosa langu. Mwaka jana nilikuwa kiongozi wa kikundi cha watu sita kwenye mradi wetu wa darasani. Tulipewa fomu ya kueleza mchango wa kila mwanakikundi, na kwa mwenzetu mmoja niliandika maneno mawili: mchango mdogo. Sikuwa na ugomvi naye. Niliangalia daftari letu la kidijitali, nikaona jina lake limetokea mara mbili tu, nikaandika nilichokiona. Akapata alama ndogo kuliko sisi wote. Na ukweli ni kwamba sehemu iliyoibeba ripoti yetu ilikuwa kazi yake.

Naandika haya kwa sababu siku hizi kila nikipita korido za elimu nasikia mjadala uleule: mafaili ya TP na miradi ya vikundi yahamie kwenye simu na kompyuta, au yabaki kwenye karatasi? Wapo wanaosema karatasi imepitwa na wakati. Wapo wanaosema simu ni mzigo kwa mtoto wa maskini. Mimi, pamoja na yaliyonikuta, bado niko upande wa daftari la kidijitali. Ila nataka tulitumie kama daftari. Mimi nililitumia kama rejista ya mahudhurio, na nimeona madhara yake.

Faili tunalolijua

Tuanze na karatasi, maana kuna watu wanaizungumzia kana kwamba ilikuwa haina shida.

Kila aliyekwenda TP analijua lile faili. Azimio la kazi, maandalio ya masomo, nukuu, shajara la somo, zana. Mimi kwa wiki nane nilikuwa na maandalio kama sitini hivi, kila moja kurasa mbili. Stesheneri ya karibu na shule walikuwa wanaprinti ukurasa kwa shilingi 200. Piga hesabu: kurasa 120, shilingi 24,000. Ukikumbuka kwamba Bodi ya Mikopo inampa mnufaika shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, hizo ni siku mbili na zaidi za maisha zimekwenda kwenye wino. Na hapo sijahesabu zile nilizoprinti upya kwa sababu msimamizi alisema safu ya tathmini imekaa vibaya.

Lakini hela siyo ninayoilalamikia zaidi. Nalalamikia kile kisehemu cha mwisho cha andalio la somo, pale mwalimu anapotakiwa kuandika tathmini na maoni. Fungua faili lako la TP, usinidanganye. Umeandika nini? "Wanafunzi wengi wamelielewa somo." Kesho yake? "Wanafunzi wengi wamelielewa somo." Siku ukijisikia mkweli: "Somo limeeleweka kwa asilimia 75." Hiyo 75 umeipima na nini, wewe mwenyewe hujui. Mimi niliyaandika hayo usiku wa Jumapili, maandalio ya wiki nzima kwa mkupuo, mengine ya vipindi ambavyo sikuwa nimevifundisha bado.

Kile kisehemu ndicho kilichotakiwa kutufanya walimu. Ndipo unapokaa na kujiuliza: nilipanga wataje vyanzo vya mmomonyoko wa udongo, mbona wamekaa kimya? Kesho nibadilishe nini? Mwalimu anajengwa na maswali hayo, na faili la karatasi linalokaguliwa mara mbili au tatu kwa TP nzima halimlazimishi mtu kujiuliza. Linamlazimisha kujaza tu. Msimamizi naye ana wanachuo kibao kwenye shule zilizotawanyika. Akifika anakagua kama karatasi zipo, anaingia darasani dakika arobaini, anasaini, anasepa. Simlaumu.

Tulivyoanza Kizota

Sisi sita tulipangwa shule moja ya sekondari ya kutwa huku Kizota. Mimi ilikuwa bahati, nilifikia kwa mama mdogo, nyumba ambayo usiku unasikia malori ya mahindi yakipanga foleni kwenda kwenye maghala ya NFRA. Wenzangu walipanga geto moja la vyumba viwili, upande wa pili wa barabara ya Singida.

Mradi wetu ulikuwa unahusu kidato cha kwanza. Mnajua wenyewe mtoto anavyosoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari anaingia sekondari na karibu kila kitu kinageuka Kiingereza. Tulitaka kuona, ndani ya darasa moja, nini hasa kinatokea. Nani anaacha kunyoosha mkono, lini, na mwalimu anafanya nini.

Kazi ya namna hiyo inataka daftari la pamoja. Mmoja anafundisha, mwingine amekaa nyuma anaangalia, jioni mnalinganisha. Tulijaribu kundi la WhatsApp kwanza. Baada ya siku tatu ilikuwa fujo. Picha ya ubao iko juu, maelezo yake yako chini baada ya vichekesho na mtu anayeuliza nani ana charji ya pini ndogo. Huwezi kupata kitu cha juzi.

Ndipo mmoja wetu akaleta wazo la OneNote, ile programu ya madaftari ya Microsoft. Ipo tangu 2003, na siku hizi unaipata bure kwenye simu. Nieleze kidogo kwa asiyeijua. Unafungua daftari. Ndani ya daftari kuna sehemu, kama zile kadi za kugawanyia faili. Ndani ya kila sehemu kuna kurasa, nyingi utakavyo. Kwenye ukurasa unaweka maandishi, picha, sauti, hata ukichora kwa kidole sawa. Unaweza kuandika bila intaneti, halafu ukipata mtandao inasinki, na wenzako wanaona. Google Keep, Evernote, Joplin, zote ni za ukoo huo, kila moja na tabia zake. Kwenye vyuo vilivyojipanga kuna hata aina ya daftari la darasa ambamo mhadhiri ana sehemu yake, kila mwanachuo ana sehemu yake ambayo wenzake hawaioni, na kuna sehemu ya wote.

Sisi tuligawa la kwetu hivi: sehemu ya maandalio, sehemu ya yaliyotokea darasani, sehemu ya picha za kazi za wanafunzi, na sehemu tuliyoiita "Kesho nibadilishe". Hii ya mwisho ndiyo ilinibadilisha mimi.

Nitoe mfano. Wiki ya pili nilifundisha Jiografia, mada ya mfumo wa jua. Niliandika, kama kawaida, wanafunzi wameelewa. Usiku mwenzangu aliyekaa nyuma ya darasa akaandika chini yake: ulimuuliza swali mara kumi na nne, mara kumi na moja walijibu watoto walewale wanne wa mbele. Nilisoma nikakasirika. Nikalala nayo. Asubuhi nikafungua sehemu ya "Kesho nibadilishe" nikaandika kwamba nitawapa dakika mbili wajadiliane wawili wawili kwa lugha wanayotaka, ndipo nichague wa kujibu. Wiki ya nne nikarudi kuusoma ukurasa ule wa wiki ya pili. Nilikuwa najisoma mwenyewe nikiwa mwalimu mbaya zaidi. Faili la karatasi halijawahi kunifanyia hivyo, maana kwenye faili la karatasi ningekuwa nimeandika asilimia 75 na maisha yameendelea.

Kwa hiyo mtu asinielewe vibaya huko mbele. Kitu chenyewe kinafaa. Unaona mawazo yako yanavyohama. Unaona wenzako wanavyokuona. Na msimamizi akitaka, anaweza kusoma akiwa ofisini kwake, bila kusubiri siku ya kupanda gari.

Kaunta buku

Sasa nirudi kwa mwenzetu.

Yeye simu yake ilikuwa kitochi. Ile ya batani, ya kupiga na kupokea, betri inakaa siku nne. Simu kubwa aliyokuwa nayo iliharibika kioo mwaka wa kwanza na hakuwa na hela ya kuitengeneza. Boom likitoka, nusu alikuwa anatuma nyumbani. Alitwambia mara moja tu, kwa utani, na sisi tukacheka, tukaendelea.

Alichokuwa nacho ni kaunta buku la kwaya tatu, jalada jeusi, na kalamu ya bluu. Kipindi kikiisha wakati sisi tunakwenda kwenye chai, yeye alikuwa anabaki na watoto chini ya mwarobaini. Alikuwa anawauliza kwa Kiswahili, wengine kwa Kigogo kidogo alichojifunza: pale mwalimu alipouliza lile swali, ulikuwa unawaza nini? Kisha anaandika maneno yao kama walivyoyasema. Kuna binti mmoja alimwambia kwamba jibu analijua tangu mwalimu hajamaliza swali, ila anapotafuta Kiingereza chake mwenzake ameshajibu. Kuna kijana alisema yeye huwa anahesabu madirisha ili asichaguliwe, kwa sababu akiangalia ubao mwalimu anadhani anataka kujibu. Hakuna hata mmoja kati yetu watano aliyepata kitu kama hicho. Sisi tulihesabu mikono iliyonyooshwa. Yeye alijua kwa nini haikunyooshwa.

Jioni tulikuwa tunakutana geto kwao. Yeye anasoma kutoka kwenye kaunta buku, sisi tunaandika kwenye simu. Unaona ilivyokuwa? Anasoma yeye, nachapa mimi, ukurasa unajiandika kwa jina langu. Siku nyingine anasoma yeye, anachapa mwingine, jina la huyo mwingine. Ukilifungua daftari lile kwenye kompyuta, pembeni mwa aya unaona herufi za jina la aliyeandika, na unaweza kurudi nyuma kuona ukurasa ulikuwaje jana na juzi. Ni kitu kizuri hicho. Ila kilichokuwa kinahifadhiwa pale ni simu ya nani imetumika. Aliyekaa juani akiongea na watoto hakuwa na herufi.

Zile mara mbili jina lake lilipotokea, aliazima simu yangu akaingia kwa akaunti yake kurekebisha tahajia.

Ulipofika wakati wa kukusanya, mhadhiri wetu alitaka linki ya daftari pamoja na ile fomu ya michango. Nilikuwa na mitihani ya majaribio miwili wiki ile. Nikafungua historia ya daftari, nikahesabu, nikajaza. Mmoja ana maingizo mengi, mwingine wastani, mwingine mawili. Nilijisikia nimetenda haki kabisa kwa sababu nilikuwa na ushahidi. Hata skrinishoti niliambatanisha.

Matokeo ya kazi yalipobandikwa, hakuniuliza. Alikuja tu kunirudishia mwamvuli wangu aliokuwa ameuazima, akasema, "Dada, mimi sikujua kwamba tulikuwa tunahesabiwa kwa kuchapa." Halafu akaondoka kuwahi maktaba.

Nilikaa siku mbili na sentensi hiyo. Siku ya tatu nikamfuata, nikamwomba lile kaunta buku, nikalipeleka kwa Madam. Alilifungua mbele yangu, akasoma kurasa kama kumi bila kusema kitu. Kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, mbona wewe uliniandikia mchango wake mdogo?" Sikuwa na jibu la kutoa zaidi ya kusema nilitazama simu. Ilibidi twende kwa Madam mara tatu, mara ya mwisho sisi sita wote, ndipo alama zikarekebishwa kabla hazijafungwa. Mwenzetu ameshanisamehe, au anasema amenisamehe. Ila muhula huu kwenye kazi za vikundi naona anaomba kuchapa yeye, hata pale ambapo kila mtu angependa aende akaongee na wanafunzi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko alama. Tumemfundisha mwalimu mzuri kwamba kuonekana kwenye daftari kuna faida kuliko kukaa na mtoto.

Majina ya watoto wa watu

Kuna kosa la pili, na hili nadhani wengi wenu mnalifanya sasa hivi bila kujua.

Kwenye ile sehemu yetu ya picha za kazi za wanafunzi, tulipiga picha karatasi za majaribio zikiwa na majina matatu ya mtoto juu. Chini ya picha tuliandika maelezo. Huyu anakaa na bibi yake. Huyu baba yake amefariki, huwa anachelewa kwa sababu anachota maji kwanza. Yalikuwa maelezo ya msaada, ya kumwelewa mtoto. Halafu linki ya daftari tukaiweka wazi kwamba yeyote aliyenayo anaweza kufungua, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuingiza barua pepe za watu sita. Ile linki ikapita kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima la wanachuo, mtu alipoomba aone mfano wa mradi.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa zinazohusu watoto imezihesabu kuwa taarifa nyeti. Mimi nilisikia habari za sheria hii redioni kwa mama mdogo. Darasani sikuwahi. Hebu fikiria wewe ndiye yule binti wa kidato cha kwanza, halafu wanachuo wasiokujua wanasoma habari za msiba wa kwenu kwenye simu, wakiwa wanakula chipsi. Kaunta buku linakaa kwenye begi la mtu mmoja. Daftari la kidijitali linakwenda popote linki inapokwenda. Nguvu yake yote iko hapo, na hatari yake pia.

Wanaopinga wana hoja

Nimezungumza na wenzangu wengi kabla ya kuandika makala hii. Nizitaje hoja tatu ninazozisikia sana.

Ya kwanza ni bando na umeme. Ni kweli. Programu hizi zinaandika bila mtandao, lakini picha thelathini za ubao zikianza kusinki bando la siku linakwisha kabla ya saa nne. Na watu wawili wakiandika ukurasa mmoja nje ya mtandao, wakirudi hewani mnaweza kukuta matoleo mawili yanagombana, mnakaa kuyaoanisha kwa mkono. Sisi tulijifunza kupunguza ukubwa wa picha na kusinki mara moja jioni tukiwa pamoja. Lakini tusijidanganye kwamba wote tuko sawa. Kila darasa la wanachuo lina mtu wa kitochi, na mara nyingi hasemi.

Ya pili ni desa. Wanasema karatasi angalau unaandika kwa mkono, kwenye simu mtu anakopi na kupesti, siku hizi hata akili mnemba inamwandikia andalio zima. Jamani, mafaili ya TP yanarithishwa hapa chuoni kama suti ya harusi. Lipo faili nimeliona limepita mikono ya watu wanne, limebadilishwa jalada tu. Desa halikuletwa na simu. Na kwa kweli daftari lenye historia linamfichua mdesaji haraka, maana kurasa tano zilizotokea kwa dakika moja zinaonekana. Ila nimeshawaeleza historia ilivyonidanganya mimi. Ikikuonyesha jambo, nenda ukamuulize mtu. Usihukumu kwanza.

Ya tatu ndiyo nzito: daftari ni la kampuni, siyo letu. Wenye Evernote ya bure wanakumbuka mwishoni mwa 2023, kampuni ilipoamua mtumiaji wa bure awe na daftari moja na maandishi yasiyozidi 50. Na akaunti unayopewa na chuo, ukishahitimu inaweza kufungwa. Miaka yako mitatu ya kujifunza ualimu imo humo. Faili la karatasi angalau unalikuta chini ya kitanda kwa mama.

Hoja zote tatu ni za kweli, na hakuna hata moja inayotaka turudi kwenye asilimia 75. Zinataka tuweke utaratibu.

Halafu tukumbuke tunakokwenda. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yale ya MEWAKA, yanawataka walimu wakutane shuleni kwao kama jumuiya, wajadili ugumu wa kufundisha mada fulani. Mwalimu aliyenipokea Kizota alikuwa na kishikwambi, na siku moja aliniuliza, "Hivi mwalimu, nyie wa chuo mnatumiaje hiki kuandika tathmini?" Nilimwonyesha daftari letu. Akaniambia angependa idara yao iwe nalo, ili mwalimu mpya akija akute mada ngumu zimeshaandikiwa walichojaribu wenzake. Nikajisikia vizuri. Bado nilikuwa sijajaza ile fomu.

Ninachoomba

Kwa wahadhiri wetu, kwa heshima. Kwanza, msituagize programu moja. Atakayeweza OneNote atumie, atakayeweza kaunta buku apige picha kurasa zake, au apigiwe na mwenzake, ziingie kwenye daftari la kikundi zikiwa na jina la mwenye mwandiko. Kazi ya mwisho ikusanywe kwa PDF ili iwe ya mwanachuo milele, kampuni ifungwe au isifungwe. Pili, alama za mchango zisitoke kwenye historia ya programu wala kwenye fomu ya kiongozi wa kikundi peke yake. Tuiteni dakika kumi, kikundi kizima, kila mtu aje na alichoandikia, hata kama ni nyuma ya bahasha, mtuulize. Madam alihitaji kurasa kumi tu za lile kaunta kujua nani alifanya kazi. Tatu, tufundishwe kutumia vitu hivi mwaka wa kwanza kwenye kozi ya zana na teknolojia ya elimu, pamoja na ile sheria ya 2022, kabla hatujapewa darasa la watoto.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi. Mnatuomba kura kwa kuahidi waifai kila mwaka. Ahadi ndogo inatosha safari hii: chumba kimoja chenye kompyuta chache na intaneti, kifunguliwe Jumamosi wakati wa TP, kwa ajili ya waliopangwa Dodoma mjini na kandokando. Aliyeko Kizota apande daladala, abadilishe mjini, aje asinki kazi ya wiki na kuprinti kinacholazimika. Na simu chache za kuazima kwa vikundi. Mkiweza kukodi muziki wa bonanza, hili mnaliweza.

Kwetu sisi wenyewe. Mtoto asiandikwe jina. Tumieni M1, M2, M3, na orodha ya nani ni nani ibaki kwenye karatasi kwa mtu mmoja, ichanwe mradi ukiisha. Picha ya kazi ya mtoto, ziba jina kwa kidole kabla hujapiga. Linki ifungwe kwa waliomo tu. Muombe mkuu wa shule ruhusa, msijifanye mmesahau. Na kwenye daftari, andikeni juu ya ukurasa maneno haya ya kawaida kabisa: aliyeona ni fulani, aliyeandika ni fulani. Sekunde tano. Sekunde hizo tano zingemwokoa mwenzetu.

Na nyie viongozi wa vikundi, mnaojaza fomu usiku mkiwa mmechoka kama nilivyokuwa mimi, kabla ya kuandika mchango wa mtu, pigeni simu. Hata kitochi kinapokea.

Baada ya miaka michache sisi ndio tutakuwa tunajaza ripoti za watoto. Tutakuwa na mfumo unaotuonyesha nani amekusanya kazi na nani hajakusanya, nani amebonyeza na nani hajabonyeza. Yule anayehesabu madirisha hataonekana humo. Ataonekana kwa mwalimu aliyemfuata chini ya mwarobaini akamuuliza. Mimi nimesoma hilo kwenye kaunta buku la mtu niliyemwandikia mchango mdogo, na sasa hivi nimelinakili, kwa ruhusa yake na kwa jina lake, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu la kidijitali.